Darsa la Ramadhani, Siku ya 12: Cha juu ni cha nani?



Leo naongea na wewe dalali wa vitunguu. Mkulima wetu huku Ziwa Eyasi kamwagilia, kapalilia, kakopa dawa. Mnunuzi katoka Arusha, Dar au Nairobi, mkulima hamjui. Anakuambia, "Niuzie, kila gunia una chako." Hapo umeshabeba amana yake. Mara mnunuzi anakuvuta pembeni, anakupa cha juu ili uishushe bei, au unyamaze gunia likifungwa lumbesa. Jioni unafuturu. Jiulize: leo nilikuwa namfanyia nani kazi?

Udalali wenyewe si haramu. Imam Bukhari ametaja kuwa wanazuoni kama Ibn Sirin na Ataa hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Ubaya uko kwenye ule ujira wa gizani, ambao aliyekutuma haujui.

Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akatenga mafungu mawili: hili lenu, hili nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari, akauliza: lau angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hiyo ingemfuata? Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Angalia vizuri: yule bwana hakuficha, alisema mwenyewe, na bado akakemewa. Sasa anayeficha je?

Kipimo hiki ni chetu sote. Bwana shamba, unamwandikia mkulima dawa inayotibu zao lake, au iliyojaa dukani kwako? Muongoza watalii, duka unalowasifia wageni ni bora kweli, au lina kamisheni nono? Mwalimu mwenzangu, mada umeibakiza kwa sababu muda umeisha, au ili uimalizie kwenye tuisheni ya kulipia?

Suratun-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha amana tuzifikishe kwa wenyewe. Kwa hiyo, ukipewa kitu na upande wa pili, mwambie aliyekutuma kabla bei haijafungwa. Akiridhia, kula kwa amani. Akikataa, kirudishe. Ama kilichotolewa ili umbane mkulima, hicho ni rushwa, usikiguse kabisa. Na kama ulishakula, mtafute mwenyewe umrudishie haki yake, maana toba bila kurudisha haijakamilika.

Ewe Mola, tutosheleze kwa halali yako, utakabalie funga zetu. Aamin.

Msomee na mwenzako mkiwa kwenye futari.