Mshale Unaocheza na Kudanganya

Tafakari ya juma: Luka 11:33–36



Kamera za mkanda zimeanza kutolewa tena masandukuni. Vijana wanazitamani, na wazee wanashangaa kuona Zenit-E ya Kirusi, iliyoanza kutengenezwa 1965, ikiulizwa bei. Kamera hiyo haina betri. Juu ya lenzi kuna kioo chenye vijivimbe, na nyuma yake imefichwa selenimu. Mwanga ukiipiga selenimu unazaa umeme kidogo, na umeme huo ndio unaosukuma mshale wa kipima mwanga.

Kipimo kikifa kabisa si hasara kubwa. Mshale umelala, mwenye kamera anajua hana msaada, anatumia akili yake. Balaa ni kipimo kilichochoka. Ukikielekeza dirishani mshale unapanda, ukikirudisha kivulini unashuka, na kila aliyepo anaridhika kwamba kamera ni nzima. Kumbe unasoma pungufu, maana miaka na unyevu vimeila nguvu yake. Unaambiwa mwanga ni hafifu, unafungua lenzi zaidi, na harusi ya saa nane mchana inatoka imeungua: kanzu nyeupe, ukuta mweupe, hata uso wa bwana harusi umepauka.

Kamera zenye betri zina udanganyifu wa upande wa pili. Nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35. Leo mtu anatia betri ya kawaida ya volti 1.5, mpya kabisa, na katika kamera nyingi za aina hiyo kipimo kinaona mwanga mwingi kuliko uliopo. Picha zinatoka na giza. Nguvu imeongezeka, ukweli umepungua. Nasi wenye kanisa tunawajua watu wa namna hiyo, wengine tunavaa kola.

Ndiyo maana onyo la Yesu katika aya ya 35 linanitisha kuliko mengi yenye maneno makali. Hasemi na wasio na nuru. Anasema na wanaodhani wanayo, anawataka waikague, isije ikawa ni giza.

Tazama Daudi katika 2 Samueli 12. Nabii Nathani anamsimulia habari ya tajiri aliyemchukua mwana-kondoo wa pekee wa maskini, na mfalme anawaka hasira, anatoa hukumu ya kifo papo hapo. Dhamiri yake haikuwa imekufa. Mshale ulipanda mpaka mwisho! Kwa habari ya Uria, aliyemfanya auawe akamtwaa mkewe, mshale huohuo ulikuwa umelala kwa miezi. Na huku kwetu Rufiji, ng'ombe wakiingia kwenye mihogo, mkulima anaona dhuluma waziwazi. Shamba likisogezwa hadi katikati ya njia ya mifugo, mfugaji naye anaiona waziwazi. Kila mmoja ana kipimo kinachofanya kazi vizuri sana kikielekezwa kwa mwenzake.

Fundi hauamini mshale kwa kuwa tu unacheza. Anaupeleka juani. Mchana wa jua kali usio na wingu, ukiwa na filamu ya 100, weka tundu la lenzi kwenye 16 na kasi kwenye 1/125, halafu elekeza kamera kwenye ardhi inayopigwa na jua. Kipimo kikikubaliana nawe, au kikapishana kidogo tu, kinafaa. Kikikataa, usibishane na jua. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, kamera zenye kipimo ndani yake hazikuwapo bado. Mpiga picha alilijua jua lenyewe.

Hata kipimo kizima kinaweza kupotea. Msimamishe mtu mweusi mbele ya anga la mchana, kitasoma anga, na uso utatoka kivuli kitupu. Mpiga picha mzoefu anasogea, anapima usoni, ndipo anarudi nyuma kupiga. Wangapi tumewahukumu kwa kusoma kilichokuwa nyuma yao, ukoo, dini au habari za kijiweni, bila kusogea?

Shata, yale mapazia mawili yanayopitisha mwanga kwenye mkanda, nayo ina siri yake. Ukibonyeza inalia vizuri tu. Fungua mgongo wa kamera ikiwa haina mkanda, ielekeze penye mwanga, piga kwa kila kasi huku ukitazama kwa nyuma. Kwenye 1/500 upande mmoja ukibaki mweusi, pazia moja linalifikia jingine kabla ya kazi kwisha. Usiliguse kwa kidole. Na sisi watu wa upako tusikie: usitie mafuta. Mafuta yaliyoganda ndiyo yanayozinatisha shata nyingi. Mpelekee fundi aisafishe. Zamani kosa hili liligunduliwa likiwa limechelewa: kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, mkanda wa upande wetu wa kusini wa Mto Rufiji ulivuka kwa kivuko cha Ndundu kwenda kusafishwa Dar es Salaam, na picha zilirudi bibi harusi akiwa mjamzito.

Juma hili, kabla ya Meza ya Bwana, kila mmoja atafute Nathani wake, mtu asiyemwogopa wala asiyemdai, amuulize swali moja: ni wapi unaona nimekosea nami sioni? Asijitetee mpaka mwenzake amalize.

Na aliye na kamera ya zamani nyumbani aje nayo Jumapili baada ya ibada, tuijaribu jua likiwa utosini. Betri kuukuu zilizomo msizitupe shimoni wala mtoni. Huenda zina zebaki, na samaki wa Rufiji tunawala sisi.