Kusahau Si Kupona



Katika semina za ndoa neno hili husikika mara nyingi: "Mimi hayo nilikwisha kuyasahau." Mke husema hivyo juu ya baba mlevi aliyekuwa akiwafukuza wote nje usiku. Mume husema hivyo juu ya mama wa kambo aliyemnyima chakula. Lakini mume akichelewa saa moja tu, mke hutetemeka. Na mke akikawia kupakua, mume haneni naye siku tatu. Je, ni ugali unaogombaniwa hapo? La hasha.

Tumtazame Yosefu, mwana wa Yakobo. Alikuwa kijana wa miaka 17 tu, na ndugu zake wakamwuza kwa vipande 20 vya fedha. Baadaye akawa mkubwa huko Misri, akamwoa Asenati, na mtoto wao wa kwanza akamwita Manase, maana alisema Mungu amemsahaulisha taabu zake na nyumba ya baba yake (Mwa 41:51). Ajabu! Kila alipomwita mtoto aje kula, alijikumbusha yale aliyosema ameyasahau.

Njaa ikawaleta wale ndugu. Yosefu akasema nao kwa ukali, kisha akajitenga akalia. Alipomwona Benyamini akakimbilia chumbani, akalia tena, akanawa uso, akatoka, akaagiza chakula kiletwe (Mwa 43:30-31). Wengi wetu tumekwama hapo pa kunawa uso, hasa sisi wanaume, tulioambiwa tangu kutahiriwa kwamba mwanamume halii. Methali yasema yaliyopita si ndwele. Kwa Yosefu yalikuwa ndwele bado, baada ya miaka zaidi ya 20.

Alipona alipowatoa watumishi wote nje, akalia kwa sauti, akawaambia ndugu zake wasogee karibu, akalitaja jambo lenyewe: kwamba yeye ndiye waliyemwuza. Baada ya kulitaja ndipo akawaonyesha mkono wa Mungu katika safari yake (Mwa 45). Sala inayoruka kidonda na kukimbilia "asante Bwana" haiponyi mtu.

Basi, ndugu msomaji, mwambie Mungu jambo hilo kwa jina lake. Kisha mwambie mwenzako, watoto wakiisha kulala, wala si katikati ya ugomvi. Nawe unayeambiwa, usimkatize kwa kusema "hata mimi niliteseka." Uliyoambiwa chumbani yasifike kwenye jumuiya wala kwa mama mkwe. (Nyumba ngapi zimevunjwa na "ombi la sala" lililokuwa umbea!)

Wengine hubeba aibu wakidhani waliyotendewa utotoni ni dhambi yao. Siyo. Katika Kitubio tunaungama yaliyo yetu: chuki, kisasi, matusi. Hayati Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alieleza kwamba aliyekosa upendo utotoni huona shida kumwamini mwenzake, na kwamba kidonda hicho chahitaji kuponywa. Hakusema kifichwe.

Lakini tuelewane. Yosefu hakujifunua siku ya kwanza. Alisubiri mpaka Yuda akajitoa kuwa mtumwa mahali pa Benyamini, ndipo akajua mioyo imebadilika. Mke anayepigwa hadi leo asiambiwe "samehe tu, ufungue moyo." Kwanza awe mahali pa usalama, yeye na watoto, padre, wazazi na polisi wajulishwe.

Hata baada ya mapatano, machozi yaweza kurudi. Yakobo alipofariki, wale ndugu waliogopa kulipizwa kisasi, na Yosefu akalia tena, akawatuliza kwa maneno ya upole (Mwa 50:17-21). Kwa hiyo mwenzako akilirudia jambo lilelile miaka 5 baadaye, usimwambie, "Si tulikwisha kuyamaliza hayo?" Keti, umsikilize tena.