Mla ni Mla Leo, Mla Jana Kala Nini?

Methali "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" humkumbusha anayejisifu kwa neema iliyopita kwamba shibe ya jana haizuii njaa ya leo. Mjini Likasi, katika mkoa wa Haut-Katanga nchini Kongo, maana hiyo ya kwanza haihitaji maelezo mengi. Mwaka 1986 kampuni ya Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba, na mfanyakazi wa viwanda vyake vya Shituru mjini humo, pamoja na mshahara, alipata posho ya unga, matibabu na shule ya watoto. Katika miaka ya 1990 uzalishaji uliporomoka, na mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 wa kampuni hiyo waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Sifa za posho ya zamani hazibandikwi jikoni.

Maana ya pili hujitokeza pale swali la methali linapoulizwa kwa dhati badala ya kejeli: huyo mla jana alikula nini hasa, na kilimfaa vipi? Likiulizwa hivyo, hugeuka kipimo cha haki kati ya aliyetangulia kulipa na aliyekuja baadaye akapewa bure. Hali hiyo ni ya kawaida katika programu za kompyuta na simu. Kuitengeneza programu mara ya kwanza ni ghali sana, lakini kutoa nakala ya pili, au hata ya milioni, karibu hakugharimu kitu. Wanunuzi wa kwanza ndio hubeba mzigo. Mtengenezaji akisharudisha fedha zake, au akipata njia nyingine ya kipato, anaweza kufuta bei.

Google Earth Pro, programu ya kutazama na kupima ardhi kwa picha za kutoka angani, iliuzwa dola 399 kwa mwaka hadi Januari 2015, ilipoanza kutolewa bure. Kabla yake, Marekani ilikuwa ikiuza picha moja ya setilaiti ya Landsat 7 kwa dola 600, na mwaka 2008 ikaanza kuzitoa bila malipo. Picha moja ya aina hiyo huonyesha eneo lenye upana wa kilomita 185, kuzidi umbali wa kutoka Likasi hadi Lubumbashi. Katika ukanda wa shaba wa Katanga, vilima vyenye madini mara nyingi havioti miti kwa sababu ya shaba iliyojaa udongoni. Kwa hiyo mtafiti mwenye picha aliweza kuchagua kilima cha kuchunguza kabla ya kupeleka watu na mitambo ya kuchoronga. Leo mwanafunzi wa jiolojia huzipata picha hizo kwa gharama ya mega za intaneti tu.

Je, aliyelipa alipunjwa? Ukimuuliza alikula nini, jibu ni kwamba alikula wakati. Alijua mapema, akafanya kazi yake, akavuna kabla wengine hawajaona. Bei aliyotoa ilikuwa ya kukipata kitu siku ile alipokihitaji, na siku ile ilishatumika. Akidai leo arudishiwe fedha, anataka kula mara mbili kwa malipo ya mara moja.

Mfano wa WhatsApp unaonyesha sura nyingine. Hadi mwaka 2013 mwenye simu ya iPhone aliinunua programu hiyo kwa dola 0.99, na baadaye watumiaji walipewa mwaka wa kwanza bure kisha wakatakiwa kulipa kiasi hichohicho kila mwaka. Januari 2016 ada ilifutwa, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba watumiaji wengi hawakuwa na kadi ya benki. Sababu hiyo inaeleweka vizuri Likasi, ambako watu wengi hulipana kwa noti au kwa pesa za simu. Hapa bure ya mla leo ilimfaa hata mla jana, kwa kuwa programu ya mawasiliano huongezeka thamani kadiri ndugu na wateja wanavyojiunga nayo.

Kipimo hiki pia huonyesha mahali ambapo methali haipaswi kutumiwa. Mwaka 2020 serikali ya Kongo ilianzisha tozo ya usajili wa simu iliyojulikana kama RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G au 4G, ikikatwa kwenye salio. Baada ya malalamiko mengi ilifutwa mwaka 2022. Wengi waliokatwa walilalamika kwamba hawakuona huduma yoyote mpya, wala hawakuulizwa kama wanaitaka. Kumwambia mtu wa namna hiyo "mla jana kala nini?" ni kumdhihaki, kwani hata jana hakula. Vivyo hivyo, muuzaji anayejua kwamba kesho atatoa bure, akauza leo kwa bei kamili bila kusema, hawezi kujikinga kwa methali hii.

Kwa upande wa mla leo, methali huhitaji kusawazishwa na nyingine: "Mchumia juani hulia kivulini." Katika biashara ya programu, aliyechuma juani na anayelia kivulini mara nyingi ni watu wawili tofauti. Mla leo hawajibiki kumlipa aliyemtangulia, lakini akiidharau fedha yake kuwa ya mjinga, anasahau kwamba bila wanunuzi wa jana kifaa chenyewe huenda kisingefika kwake. Kwa hiyo methali hii humzuia mla jana kudai tena pale tu alipolipa kwa hiari, akijua anachonunua, na akakitumia. Sharti moja kati ya hayo likikosekana, madai yake bado yanastahili kusikilizwa.