MUNGU ALIKUWA WAPI OLASITI?

Kijana mwenzangu wa Chonyonyo, usikitupe kikaratasi hiki, soma kwanza.

Siku moja nilikuwa nashuhudia kijiweni, dereva mmoja wa bodaboda akaniambia: "Mtumishi, wale wa Olasiti walikuwa kanisani kabisa, wakapigwa bomu. Mungu kashindwa kulinda nyumba yake, mimi ataniweza?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Swali lile ni la kweli.

Ilikuwa Jumapili, 5 Mei 2013, jijini Arusha. Wakatoliki walijaa Olasiti kuzindua parokia mpya ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na balozi wa Papa alikuwepo. Bomu likarushwa katikati ya watu. Walikufa 3, zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Hawakuwa baa wala disko. Walikuja IBADANI!

Siku zile nilimsikia mlokole mmoja akisema, eti wale hawakuwa wameokoka, ndiyo maana. Nilinyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo. Maana fungua Luka 13:1-5. Yesu aliletewa habari za Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakiwa wanatoa dhabihu. Si Olasiti hiyo? Yesu akauliza kama wale walikuwa na dhambi kuliko wenzao, akajibu mwenyewe: HAPANA. Akataja na wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Nao hapana. Kisha akawageukia walioleta habari, akawaambia watubu wao!

Mbona hakueleza kwa nini Mungu hakuzuia? Hakueleza, nami sitakudanganya kwamba najua. Lakini Yesu alisema hayo akiwa safarini kwenda Yerusalemu, na huko Pilato huyo huyo akamtoa asulubiwe. Basi usiseme Mungu alikaa mbali akitazama. Mwanawe aliuawa na chuki ile ile, nje ya mji, akiwaombea waliompigilia misumari.

Na chuki hiyo usiibandike dini ya jirani yako. Mwaka 2019, huko Christchurch, New Zealand, Waislamu 51 waliuawa kwa risasi, wamekwenda msikitini swala ya Ijumaa. Chuki inaanzia moyoni, tena kidogo kidogo. Hapa kwetu ndugu wawili wanagombania mpaka wa migomba, mmoja analala na panga chini ya kitanda. Huyo bomu lake analo tayari, bado kulirusha tu. Je, wewe una nini chini ya kitanda?

Yule dereva nilimweleza yote haya. Hakuokoka siku ile. Aliniuliza kitu kimoja: "Sasa yule aliyerusha, naye akitubu anasamehewa?" Nikamwambia ndiyo, kwa damu ya Yesu anasamehewa. Akakaa kimya, akawasha pikipiki, akaondoka.

Nimemwombea sana. Kama ni wewe umeshika karatasi hii, mkutano unaanza saa 9 alasiri. Njoo, hata kama bado una maswali.