Je, Dhambi Huishia Mpakani?

Yule ayala wa Zaburi ya 42, mwenye kiu ya mito ya maji, kwetu hayuko. Tunao paa, swala na kulungu. Huko England na Scotland yuko tele, naye amewekewa sheria zake. Jike la ayala mwekundu huwindwa England tangu tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi. Scotland, tangu 21 Oktoba hadi 15 Februari. Basi tarehe 1 Machi mtu mwenye bunduki halali na ruhusa ya mwenye shamba ampiga jike upande wa kusini, naye ni mwindaji. Avuke hatua chache kaskazini, afanye vile vile bila kibali maalum, naye ni mhalifu. Tusemeje? Je, Mungu naye hutazama ramani?

Wako wasemao kwamba sheria ya namna hii ni karatasi tu. Sikubaliani nao. Ndama huzaliwa mwisho wa Mei na mwezi wa Juni, na kwa miezi mingi humtegemea mama. Amwuaye mama mwezi wa Julai ameua wawili, na yule wa pili atakufa kwa njaa, pole pole, kichakani, pasipo mtu kumwona. Tarehe imechaguliwa na wanadamu, nao waweza kupishana. Njaa ya ndama haikupangwa na Bunge. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati 22, yamkataza mtu kumtwaa ndege pamoja na makinda yake: mama aachwe aende zake.

Si kila sheria ya mawindo ina moyo huo. Wafalme wa England baada ya mwaka 1066 walijitengea misitu, na maskini aliyeua ayala aliweza kukatwa kiungo au kuuawa, mpaka Hati ya Misitu ya mwaka 1217 ilipoikomesha adhabu hiyo. Pale aliyelindwa hasa alikuwa mfalme na starehe yake.

Kwa madume, Scotland iliondoa kipindi cha kukatazwa mwaka 2023. Ayala wamezidi, wanakula miche ya miti, na mbwa-mwitu walikwisha zamani. Dume akifa, hakuna ndama akosaye maziwa. Naona hoja hiyo ina haki, ingawa England dume mwekundu bado hupumzishwa tangu Mei hadi Julai.

Lakini yuko muntjac, ayala mdogo aliyeletwa kutoka Asia. Yeye huzaa mwezi wowote, kwa hiyo England haikumwekea msimu. Hapo hakuna tarehe ya kujificha nyuma yake. Mwindaji amemwona jike, bunduki i begani, na sheria imenyamaza; yampasa atazame mwenyewe kama kuna mtoto majanini.