Kitambaa cha nahodha: anayevuliwa cheo ana haki ya kususa?

Mwezi Januari 2016 barza yetu ya kahawa hapa Tabora iligawanyika. Watu waliotoka kuswali Isha bega kwa bega, dakika kumi baadaye walikuwa hawasikilizani. Ugomvi haukuwa wa siasa wala wa mwezi kuandama. Ulikuwa wa kitambaa cha nahodha.

Kocha wa Taifa Stars, Charles Boniface Mkwasa, alikuwa amemkabidhi unahodha Mbwana Samatta, ambaye siku chache nyuma alitangazwa mjini Abuja kuwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara hili. Aliyevuliwa alikuwa beki Nadir Haroub, Mzanzibari na nahodha wa Yanga, ambaye mashabiki walimbandika jina la Cannavaro kwa kumfananisha na yule beki wa Italia. Nadir naye akatangaza kustaafu timu ya taifa. Hakusema kwamba Samatta hafai. Kilichomuuma, kwa maelezo yaliyotoka wakati ule, ni kuwa hakutaarifiwa kabla.

Ndugu msomaji, nakiri kuwa mimi nilikuwa mkali kuliko wote pale barazani. Nilisema amesusa, na kwamba cheo ni amana, mwenye nacho akikitaka anakichukua. Hoja yangu ilikuwa Khalid bin Walid (RA). Huyu alikuwa jemadari ambaye jina lake lilitosha kuwatisha maadui, lakini Sayyidna Umar (RA) alipomwondoa na kumweka Abu Ubayda (RA), Khalid hakukunja bendera akarudi kwao. Aliendelea kupigana Sham chini ya yule aliyechukua nafasi yake. Sasa beki wa mpira ni nani hata ashindwe kuvumilia?

Niliongeza na mfano wa kwetu. Tabora hii imejengwa na misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na vitambaa baina ya Ujiji na Bagamoyo, mzigo wa kilo thelathini na zaidi begani kwa miezi. (Na tusijifiche: njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo.) Mbele alitangulia kirangozi na bendera yake. Je, kirangozi akibadilishwa njiani, atabwaga mzigo porini?

Watu walicheka, nikahesabu nimeshinda.

Haikupita miaka miwili zamu ikawa yangu. Nilikuwa katibu wa kamati ya msikiti mmoja, ambao sitautaja, kwa miaka tisa. Jioni moja muuza kashata akanipa pole. Pole ya nini? Kumbe kamati ilikaa, ikamchagua kijana aliyemaliza chuo, na mtu wa mwisho kujua nikawa mimi. Kijana yule anafaa, tena kwa hesabu amenizidi. Lakini nilirudi nyumbani kifua kinawaka, na nikaanza kuswali msikiti wa mtaa wa pili.

Ndipo nikakirudia kile kisa cha Khalid, nikaona nusu niliyoiacha barazani. Wanahistoria wanasimulia kuwa barua ya Umar ilipofika, Abu Ubayda hakuisoma hadharani. Aliificha mpaka vita vilipokwisha, asimvunjie heshima mwenzake mbele ya askari. Mimi nilikuwa nikimdai Nadir subira ya Khalid, bila kumuuliza mtu yeyote iko wapi adabu ya Abu Ubayda.

Wapo watakaosema adabu ikikosekana, basi na subira imeanguka. Hapo bado sikubali. Mwaka 2014 kocha Dunga alimpa Neymar, kijana wa miaka 22, unahodha wa Brazil uliokuwa wa beki Thiago Silva. Silva alilalamika waziwazi kuwa ameumia na kwamba hakuna aliyezungumza naye. Alilalamika, lakini akabaki. Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar, yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa Brazil. Kulalamika ni jambo moja, kuondoka ni jambo lingine, na kuna wanaoweza la kwanza bila la pili.

Hata hivyo Nadir hakuondoka na kitu cha mtu. Alikwenda kwa miguu yake, akiwa amekaribia miaka 34, umri ambao beki haoni aibu kupumzika. Yanga aliendelea kuichezea mpaka alipostaafu 2018, na baada ya hapo akawa meneja wa timu hiyo hiyo, kazi ya kuhangaikia safari na vifaa vya vijana wanaocheza mahali alipocheza yeye. Huyo ndiye niliyemwita msusaji.

Mimi niliondoka na daftari. Daftari la michango ya ukarabati wa paa, lenye majina ya waliotoa na walioahidi, lilikaa kwenye sanduku langu miezi minane. Hakuna aliyekuja kuliuliza, nami nilijiambia kuwa wakilihitaji watanifuata. Mvua za mwaka ule zilipita huku mabati hayajanunuliwa, na kina mama wakaswali upande unaovuja.

Nililipeleka siku ya Ijumaa, kabla ya adhana. Yule kijana alilipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama naweza kukaa naye tulipitie jina moja moja, maana mwandiko wangu haumsomeki. Tulikaa mpaka Alasiri.

Kamati haijaniomba radhi mpaka leo. Nadhani ilipaswa.