Mizani ya Chai na Mizani ya Shairi: Swali la Haki

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, mizani ni hesabu ya silabi katika mshororo. Katika vituo vya kununulia chai vya Kericho na Bomet, mizani ni chombo kinachoamua riziki ya mchumaji. Makala hii inadai kuwa maana hizi mbili zinaangaziana, na inauliza: je, kipimo sahihi ni sawa na haki?

Tuanze kwa kukiri lililo kweli. Mizani ya zamani ilisomwa na karani, naye ndiye aliyeandika. Mkulima hakuwa na budi kuliamini jicho na kalamu ya mwingine. Mizani ya elektroniki ilipoingia, uzito ulisajiliwa na chombo chenyewe na risiti ikachapishwa papo hapo. Aidha, tangu M-Pesa ianzishwe mwaka wa 2007, fedha zaweza kumfikia mtu kwa simu yake. Kuyabeza haya ni kumdhulumu yule ambaye methali inamweleza barabara: mkulima mmoja, walaji wengi.

Hata hivyo, chombo hakileti usahihi tu. Hubadili pia kile kinachohesabiwa kuwa kazi. Kuchuma chai ni kuteua: majani mawili na kichipukizi chake. Uteuzi huo ni wa jicho na vidole. Mizani haiuoni, huona kilo. Mchumaji akishajulikana kwa kilo zake pekee, mashine inayochuma kilo nyingi zaidi imekwisha kushinda mjadala kabla haujaanza. Mwezi wa Mei 2023, waandamanaji waliteketeza mashine za kuchumia chai huko Kericho, na mtu mmoja akapoteza maisha. Moto si hoja. Lakini anayelisoma tukio hilo kama woga wa maendeleo tu analisoma juujuu, kwani swali lililokuwa likiulizwa ni hili: faida ya kazi iliyopunguzwa ni ya nani?

Hapa mgogoro wa ushairi unatufaa. Euphrase Kezilahabi alipochapisha *Kichomi* mwaka wa 1974, wanamapokeo walishikilia kuwa utungo usio na vina na mizani si shairi. Wanamabadiliko wakajibu kwamba silabi zaweza kutimia na utungo ukabaki mtupu. Majibizano hayo yanatufunza kwamba kipimo ni sharti linaloheshimika, ila hakiwezi kushika nafasi ya maana. Vivyo hivyo, kilo ya uongo ni dhuluma tayari, ilhali kilo ya kweli ni mwanzo tu wa haki.

Kuna pia suala la uwajibikaji. Karani aliyepunja aliweza kukabiliwa kwa jina lake. Tarakimu haina uso. Mchumaji akiambiwa kuwa ndivyo mashine inavyosema, aliyepanga bei, aliyeweka makato na aliyeamua mashine inunuliwe wote hujificha nyuma ya jibu hilo. Kwa hiyo tunapendekeza kigezo cha kimaadili: kila tarakimu inayogusa riziki ya mtu sharti iwe na mtu anayelazimika kuieleza, kwa lugha anayoifahamu yule aliyepimwa. Kigezo hicho kikikosekana, mizani itatimia, lakini haki itabaki guni.